Matairi Kabla ya Spika: Muziki na Nguvu kwa IST Uliyoitoa Bandarini Juzi

Wiki ya kwanza na gari la mtumba kutoka Japani ina homa yake. Kila jioni unalizunguka, unafuta vumbi ambalo halipo, na kabla hujamaliza hata tangi la kwanza la mafuta umeshajua unachotaka: liimbe, halafu likimbie. Homa hiyo mimi ilinikuta na Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, gia otomatiki ya hatua nne. Dashibodi ilisoma kilomita 98,000. Za kweli anazijua Mungu na mwenye gari wa kwanza. Baada ya ushuru nilikuwa nimebakiwa na hela kidogo. Nikazigawa mafungu mawili, moja la muziki na moja la nguvu, na mafungu yote mawili yakaishia kwenye vitu ambavyo leo nisingevinunua, au nisingevianza.

Nimeviweka hapa viwili viwili na vitatu vitatu ili wewe uchague ukiwa umetulia. Mfano wangu ni IST ya kizazi cha kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, lakini mwenye Vitz, Passo, Runx au Honda Fit atajiona humu. Wenye Mark X na Forester ya turbo wana sehemu yao huko chini, maana hesabu yao ni nyingine. Bei za dukani siandiki, kwa sababu bei ya Kariakoo ya asubuhi si ya jioni. Kipimo changu ni seti ya matairi manne mapya ya inchi 15. Ulizia bei yake duka la karibu na ulipo, kisha pima mengine yote kwa hiyo.

Redio: kubaki na ya Japani, kuweka ya kawaida, au kuweka ya Android

Redio iliyokuja na gari inaonekana mbovu kumbe ni mzima. Ilitengenezwa isikilize Japani, na huko FM huanzia megahezi 76. Redio nyingi za miaka ile huishia 90. Ya kwetu inapanda hadi 108. Kwa hiyo Dar es Salaam utaipata Clouds ya 88.5 na Wasafi ya 88.9, zinazoangukia ndani ya mpaka, na ukiendelea kuzungusha unakuta ukuta. EFM ya 93.7 hupati. Nairobi ndiyo taabu zaidi: Capital ya 98.4 na Radio Citizen ya 106.7 ziko mbali kabisa. Wajapani wenyewe walikuja kufungua masafa ya 90 hadi 95 baada ya kuzima televisheni ya analojia, hivyo magari mapya kidogo hufika 95. Bado haitoshi.

Dawa ya bei rahisi ni kile kidude mafundi wanachokiita ekspanda. Kinafungwa katikati ya waya wa antena na redio, na kazi yake ni kupunguza namba ya kila stesheni kwa kiasi fulani. Kikiwa cha megahezi 12, EFM ya 93.7 utaikuta kwenye 81.7, na Times FM ya 100.5 itakaa 88.5, pale pale vidole vyako vilipozoea kuikuta Clouds, ambayo nayo itahamia 76.5. Kila mgeni atakayepanda atabishana na wewe. Kwa Nairobi angalia vizuri: 106.7 toa 12 ni 94.7, bado nje ya ukuta wa 90, kwa hiyo cha 12 hakikufai kama unataka Citizen. Cha 18 kitaileta 88.7, ila stesheni zote za chini ya 94 utazipoteza. Na kwa kuwa kidude chenyewe ni cha bei ya chini, mawimbi ya asili huvuja yakapita, ukasikia mtangazaji mmoja juu ya mwingine kama sokoni. Gharama yake haifiki hata robo ya tairi moja. Kama muziki wako wote uko kwenye simu na redio unaitaka ya taarifa ya habari tu, na gari lako lina tundu la AUX, ishia hapo.

Jambo moja kwa waliopata gari lenye skrini ya Toyota ya navigesheni: kabla fundi hajachomoa betri, tazama kama kadi ya SD ya ramani ipo mahali pake. Nyingi ya skrini hizo zikikosa kadi, au umeme ukikatika kisha ukarudi, hujifunga na kuandika kwamba zinadai kadi sahihi. Kutoka hapo ni pambo lenye mwanga. Magari mengi hufika bila kadi, na mwenye gari huja kujua siku ya kubadilisha betri.

| | Ya Japani + ekspanda | Ya kawaida, Bluetooth na USB | Android, inchi 9 au 10 |
|---|---|---|---|
| Gharama | Ndogo sana | Tairi moja hadi mawili | Matairi mawili au zaidi |
| Stesheni za FM | Sehemu tu, namba zimehama | Zote | Zote, upokeaji hutofautiana |
| Sauti | Kama ulivyoikuta | Safi, ya kuaminika | Kutoka nzuri hadi ya kukera |
| Kuwaka asubuhi | Papo hapo | Papo hapo | Husubiri, kama simu inayowaka |
| Kamera ya nyuma | Kwa nadra | Zenye skrini tu | Ndiyo |
| Kula betri | Hapana | Hapana | Zingine sana |

Safu ya mwisho ya jedwali ndiyo iliyonigharimu. Redio nyingi za Android hazizimiki kabisa. Husinzia ili zikiamshwa ziwahi kuwaka. Zikisinzia vizuri hazina neno. Yangu ilikuwa inanyonya karibu ampea 0.2 gari likiwa limezimwa. Ukiitazama kwa haraka ni ndogo. Izidishe kwa saa 24 na kwa siku saba, unapata ampea-saa 33, na hiyo ni karibu betri nzima ya NS40. Nilisafiri wiki moja kwenda Tanga kwa basi, niliporudi gari halikuguna. Dawa yake ni kuuambia ukoo wote wa mafundi waya wa njano na mwekundu usichanganywe: wa njano ni umeme wa kudumu wa kutunza kumbukumbu, mwekundu ni wa swichi. Fundi wangu alikuwa ameiunganisha yote miwili pamoja kwa sababu “inawaka vizuri zaidi bosi”. Baada ya kutenganisha, mita ilishuka chini ya ampea 0.05, ambayo ndiyo afya.

Halafu kuna yale maandishi ya 4 × 50W. Usiyalipie. Gari likiwa linawaka lina volti kama 14.4, na spika ya kawaida ni ya omu 4. Hesabu ya umeme, kwa amplifaya iliyomo ndani ya redio bila kikuza volti, inakomea wati 26 hivi kwa spika moja, na kwa kweli utapata karibu 18 hadi 20 kabla sauti haijaanza kukwaruza. Hiyo ni kwa Pioneer halali na kwa ile isiyo na jina. Tofauti yao iko kwenye usafi wa hizo wati 20, na kwenye upokeaji wa FM, ambako redio za kampuni za muziki huzishinda Android za bei ya chini bila jasho.

Kwa wengi wetu ningechagua ya katikati: redio ya kawaida yenye Bluetooth kutoka kampuni ya muziki, na simu ikashikizwa kwenye dashibodi kwa ajili ya ramani. Anayeendesha Bolt ana simu mbele yake tayari, skrini ya pili ya kazi gani? Android ninamwachia mwenye watoto anayerudi nyuma kwenye geti jembamba kila siku, na akinunua asishuke chini ya kumbukumbu ya GB 2, maana ya GB 1 huganda ukiwasha ramani na muziki pamoja. Vyovyote utakavyochagua, kumbuka uwazi wa redio kwenye dashibodi za Toyota za Japani una upana wa milimita 200, na redio za kipimo cha kawaida cha duniani kote zina 178. Inabaki milimita 11 kila upande. Kuna vipande vya plastiki vya kuziba hapo. Ukiona fundi anatafuta silikoni, ondoka.

Spika, amplifaya, sabufa: kipi kitangulie

Hapa ndipo wengi huanza kinyume, nami nikiwemo. Nilianza na boksi la sabufa la inchi 12 na amplifaya iliyoandikwa wati 1,200. “Kaka, hii utaisikia mpaka mbavuni,” fundi aliniambia, na kweli niliisikia mbavuni. Masikioni hapakuwa na kitu. Sauti ya mwimbaji ilikuwa bado inatoka kwenye spika za karatasi za mwaka 2004 zilizokauka kingo, na sabufa ilikuwa ikiwafunika waimbaji kama ngoma ya harusi ya jirani.

Kabla ya kununua amplifaya yoyote, pindua uone fyuzi yake. Yangu ilikuwa na fyuzi moja ya ampea 30. Zidisha kwa volti 14, ni wati 420 zinazoweza kuingia. Zitatokaje 1,200? Amplifaya za daraja D hutoa karibu asilimia 80 ya zinachokula, za AB nusu au zaidi kidogo. Kwa hiyo ile ya kwangu ilikuwa ya wati 220 hivi siku ikiamka vizuri. Hesabu hii haihitaji intaneti wala ushuhuda wa muuzaji.

Spika za milango ya mbele ndizo za kwanza, na nitakuambia kwa nini kwa namba. Kila spika ina kipimo cha wepesi wake wa kutoa sauti, huandikwa desibeli kwa wati moja. Moja ikiwa 88 na nyingine 91, tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili. Yaani spika nyepesi ya 91 inayosukumwa na redio yenyewe kwa wati 18 inalingana na nzito ya 88 iliyonunuliwa amplifaya ya 36. Kwa asiye na mpango wa amplifaya, tafuta namba kubwa hapo na usiangalie “maximum 300W” iliyoandikwa kwa rangi nyekundu.

Kuna seti zenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, pembeni na kuna za pamoja, twita ikiwa katikati ya spika. Seti yenye twita inaleta jukwaa juu, mwimbaji anaimba usawa wa kioo na haimbi kwenye goti lako, ila twita inahitaji mahali pa kukaa, na fundi mvivu ataibandika popote. Kwa IST, pembe ya ndani karibu na kioo cha pembeni panafaa. Usitake twita zinazokutazama usoni moja kwa moja. Taarabu ya dakika kumi itakuchosha masikio.

Sasa kitu ambacho hakuna duka litakuuzia kwa furaha. Mlango ndio boksi la spika. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na hewa ya nyuma ikipata tundu la kutokea inakuja kuizima ya mbele. Besi inakufa hapo hapo. Milango ya IST ina matundu makubwa yaliyofunikwa na nailoni, na nailoni hiyo kwa kawaida imeshachanwa na fundi wa kioo miaka kumi iliyopita. Karatasi za butili zenye foili, zile nzito za kunata, zikizibwa kwenye matundu na kwenye bati la nje, zilinipa besi ambayo nilikuwa nimeifuata kwenye boksi la inchi 12. Na mlango ukafunga kwa sauti ya gari ghali, puh badala ya pang. Toyota nyingi zina spika za asili zilizopigwa riveti, kwa hiyo fundi lazima atoboe; mwambie afyonze chembe za chuma kabla hajaweka mpya, maana sumaku ya spika itazikusanya.

Na kama besi bado ni hafifu ingawa kila kitu ni kipya, huenda spika moja imeunganishwa kinyume, chanya ikawa hasi. Moja inasukuma, nyingine inavuta. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusa nyaya za kila spika: koni ziende upande mmoja. Nimekuta kosa hili kwenye magari matatu ya marafiki, na wote walikuwa wanatafuta sabufa.

Amplifaya ni ya pili kama unapenda sauti ya juu. Ndogo ya chaneli nne, ya wati 50 halisi kwa chaneli, ni mabadiliko makubwa kuliko inavyosikika kwenye karatasi, kwa sababu inakuondoa kwenye ule mkwaruzo wa wati 20. Lakini usitarajie miujiza ya kelele: sikio linahitaji nguvu mara kumi ndipo liseme “sasa imekuwa maradufu”. Waya wake mkubwa utoke betri moja kwa moja, na fyuzi ikae karibu na betri, sentimita 30 au 40, si karibu na amplifaya. Waya ukichubuka unapopita ukuta wa injini bila fyuzi hapo mwanzo, unawaka wote, na gari nalo. Waya uwe wa shaba. Nyaya nyingi nene za bei poa ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua kidogo kwa wembe, ukiona rangi ya fedha ndani umejibiwa.

Sabufa ni ya mwisho, na kwa gari dogo uamuzi ni kati ya ile ya chini ya kiti, inchi 8 yenye amplifaya yake ndani, na boksi la nyuma. Ya chini ya kiti haili nafasi ya buti na haimuamshi jirani, na kwa dansi na rumba, ambako gitaa la besi linatembea noti kwa noti, inatosha na kuzidi. Boksi lililofungwa bila tundu linafuata vizuri singeli, kwa kuwa singeli inapiga haraka mno kwa koni inayochelewa kurudi. Boksi lenye tundu ni la amapiano na hip-hop: linanguruma zaidi kwenye masafa yake na kubabaika nje ya hayo. Ukiweka kubwa, kumbuka alteneta, ile jenereta ya injini, kwa gari la ukubwa huu mara nyingi ni ya ampea 80 hivi, na taa, feni na AC zinataka zao. Taa zikianza kupepesa na ngoma, ujue unaendesha disko.

Nguvu: chujio la michezo, chipu, sailensa, au servisi

1NZ-FE ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 109, na gari lina uzito wa karibu tani moja. Ile ndogo ya cc 1,300 ina 87. Haina turbo. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, na kiwanda kilishakamua kilichokuwepo. Ukishalikubali hilo hela nyingi zinabaki mfukoni.

Chujio la michezo, lile la koni linalokaa wazi chini ya boneti, linaongeza mlio. Ule mlio wa kuvuta pumzi ni mtamu, sikatai. Lakini linavuta hewa ya moto ya pembeni ya injini, na hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa takriban asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30 ambayo boksi la asili huivuta kutoka nje. Kwa foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, nililipia kupunguziwa nguvu. Sasa liko kwenye droo.

Chipu za kuchomeka kwenye tundu la OBD, lile la kupimia gari kwa kompyuta, zinazoahidi nguvu na kupunguza mafuta kwa pamoja: zikifunguliwa nyingi hukutwa na taa ndogo ya kumetameta na karibu hakuna kingine. Zipite.

Sailensa ya kelele inabadilisha sauti, na kwa muziki inakuwa adui, maana mngurumo wake unakaa pale pale besi ilipo. Kuondoa katalista, kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, ili kuiuza ni biashara ya fundi. Wewe unabaki na taa ya cheki enjini na harufu.

Upande wa pili wa mizani iko servisi, na haina mvuto wowote wa kupiga picha. Plagi mpya, kusafisha throto na kihisi cha hewa, chujio la hewa la asili, oili, koili iliyochoka kama ipo, na oili ya gia. Gharama yake ni kama matairi mawili. IST yangu ilikuwa inapanda mlima wa Kitonga ikihema. Kumbe kalipa ya mbele kushoto, kile kibano cha breki, ilikuwa imekwama inashika breki kidogo muda wote. Inua kila gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Au endesha kilomita 20 bila breki nyingi, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Yenye joto kuliko wenzake inakula nguvu zako. Ile kalipa iliponyooshwa, gari liliongezewa farasi ambao hakuna chujio lingewaleta.

Kwenye oili ya gia kuwa mkali. Kizazi cha kwanza chenye gia nne kinatumia ATF ya Toyota T-IV. IST nyingi za kuanzia 2007 zenye cc 1,500 zina CVT, gia otomatiki isiyo na hatua, na CVT inataka oili yake ya CVT. ATF ya kawaida ndani ya CVT inaua gia boksi taratibu, na gia boksi ni seti nyingi za matairi.

Matairi na shokapu dhidi ya rimu kubwa

Angalia ubavuni mwa matairi yaliyokuja na gari. Herufi DOT zikifuatwa mwishoni na tarakimu nne, mathalani 2316, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Angalia pia kama yameandikwa STUDLESS. Hayo ni ya theluji ya Hokkaido, laini kwa makusudi, yaliyokatwa vijimstari vingi ili yashike barafu. Kwenye lami ya Dodoma saa saba mchana yanayeyuka, yanatetema, na yanapiga kelele ya nyuki. Yangu yalikuwa hayo, ya miaka tisa.

Nilipoyabadilisha ndipo nikagundua jambo ambalo ningetaka mtu aniambie kabla ya yote. Muziki uliongezeka. Kwenye kilomita 80 kwa saa nilikuwa nasikiliza redio sauti ikiwa namba 28. Wiki ile ile, barabara ile ile, nikajikuta kwenye 21. Hakuna spika niliyogusa. Kelele ya chini ilipungua na nyimbo zikajitokeza. Ukiipunguza kelele ya ndani kwa desibeli 3 tu, muziki unapata nafasi sawa na ambayo ungeipata kwa kuzidisha amplifaya mara mbili. Na breki zilishika mapema zaidi kwenye mvua, kona zikanyooka. Sijapata kitu kingine kinachohudumia mafungu yote mawili, la muziki na la nguvu, kwa malipo mamoja.

Rimu kubwa zina kishawishi chake. Gari langu lilikuja na 185/65R15, ambayo kimo chake ni milimita 621 hivi. Ukitaka inchi 16, 195/55R16 ni karibu sawa kabisa, 621, na dashibodi haitadanganya mwendo. 195/50R16 ni 601, gari linashuka na spidometa inasoma zaidi ya ukweli. Inchi 17 zinapendeza kwenye maegesho, lakini ubavu wa tairi unakuwa mwembamba, shimo moja la Goba linapinda rimu, na uzito wa ziada unaozunguka unaifanya injini ya farasi 109 ihisi kama imebeba abiria. Kwa hela ile ile ya rimu na matairi yake, ungepata matairi ya kawaida mapya na shokapu nne. Kati ya hizo mbili mimi sibabaiki.

Shokapu hazijadiliwi sana lakini zimechoka kwenye karibu kila gari la umri huu. Pita tuta, kama gari linaendelea kunesa mara mbili tatu, zimekwisha. Bushi na linki za stabilaiza zikigonga, zibadilishwe kabla ya spika, maana ule mlio wa kugonga utausikia katikati ya kila wimbo wa polepole.

Kama gari lako ni Mark X au Forester ya turbo

Mark X ya 2004 hadi 2009 yenye 4GR-FSE ya cc 2,500 ilitoka na farasi 215, na Japani ilielekezwa petroli ya oktani ya juu. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo haiziogeshi vali za kuingiza hewa, na masizi hujikusanya juu yake. Mark X inayotetemeka ikisubiri taa za barabarani na kukosa nguvu chini, mara nyingi haihitaji kitu kipya. Inahitaji vali kusafishwa na fundi anayejua kuifungua manifoldi ya hewa. Hiyo ndiyo nguvu ya bei nafuu zaidi utakayoipata kwenye gari hilo. Muziki wake wa asili si mbaya. Anza na redio kisha usikilize mwezi mzima.

Forester na Impreza za turbo ndizo pekee kwenye orodha hii ambako programu ya injini ikirekebishwa na mtu anayejua unapata farasi 20 hadi 40 za kweli, kwa sababu presha ya turbo inaweza kupandishwa. Masharti yake: petroli nzuri muda wote, oili kubadilishwa kila kilomita 5,000 na kupimwa kila wiki, na mfumo wa kupoza usiovuja hata tone. Kurekebisha injini ya turbo yenye kilomita nyingi kabla ya kuipima mgandamizo ni kununua injini nyingine kwa awamu.

Ningeanza tena leo, hela zile zile

Matairi kwanza, hata kama yaliyopo bado yana meno. Kisha servisi kamili na kalipa. Baada ya hapo ningekaa mwezi bila kununua kitu, nikiendesha na redio ya Japani yenye ekspanda, nikijua sasa gari lenyewe lina sauti gani. Mwezi wa pili shokapu kama zinanesa, butili kwenye milango miwili ya mbele, na spika nyepesi za desibeli 90 na kuendelea. Redio ya kawaida ikifuata. Anayependa sauti ya juu aongeze amplifaya ndogo ya chaneli nne. Anayependa dansi aongeze ile ya chini ya kiti. Kama mtu ananiambia hela yake inatosha kimoja tu kati ya muziki na matairi, simwachi amalize sentensi.

Ile amplifaya ya wati 1,200 niliiuza kwa kijana mmoja wa Mbagala aliyekuwa ametoa gari bandarini wiki ile. Nilimwonyesha fyuzi, nikamfanyia hesabu mbele yake. Akaitazama, akacheka, akasema, “Poa tu bro, mi nataka ya mbavuni.” Boksi hakulichukua kwa sababu halikuingia kwenye Vitz yake. Liko sebuleni, na mke wangu ameweka chungu cha maua juu yake.